Mistari miwili kwa mtu asiye na mimba

Ndugu Mhariri,

Msomaji wenu wa Kampemba, hapa Lubumbashi, aliandika kwamba vijana wa kiume wa mtaani kwake walinunua tesiti za mimba kwa mchezo, kila mmoja akachovya yake kwenye mkojo wake, na mmoja wao akatoa mistari miwili, alama ya kwamba ana mimba. Aliuliza kama farmasi zetu zinatuuzia vitu vibovu. Toleo lililofuata wasomaji wawili wakamjibu: wa kwanza alisema huo ni uchawi, wa pili alisema ni bidhaa bandia, zikusanywe zichomwe. Nilingoja mtu wa tatu aseme neno lililopaswa kusemwa mwanzo kabisa, sijamwona, basi naandika mwenyewe. Huyo kijana atafutwe. Asichekwe. Aambiwe aende kwa daktari wiki hii hii akakaguliwe korodani zote mbili, na damu yake ipimwe homoni ya hCG kwa namba, si kwa mstari.

Mimi ni laboranti hapa Lubumbashi, upande wa Katuba. Nimezeekea kwenye maabara. Najua jinsi kikaratasi kinachotoka mikononi mwetu kinavyoweza kumfukuza mwanamke kwenye nyumba aliyojenga na mumewe, na najua pia jinsi kikaratasi hicho hicho kinavyoweza kumwokoa mtu ambaye hajui kama anaumwa. Yote mawili nimeyaona, na ndiyo yanayonisukuma kuandika barua ndefu. Naomba mnivumilie, na kama nafasi ni ndogo, kateni kwingine, msikate habari za huyo kijana.

Tesiti ile haitafuti mtoto. Inatafuta homoni ya hCG. Mwanamke akishika mimba, chembe zinazojenga kondo la nyuma huanza kuimwaga kwenye damu, na kazi yake ya mwanzo ni kuifanya ovari iendelee kutoa projesteroni ili hedhi isije na mimba isitoke. Katika wiki za mwanzo namba yake hukaribia kuongezeka maradufu kila baada ya siku mbili au tatu, na ikifika kati ya wiki ya 8 na ya 11 huwa imepanda hadi makumi ya maelfu, kwa wengine zaidi ya laki moja. Sehemu yake huchujwa kupitia figo, ndiyo maana tunaikuta kwenye mkojo.

Lakini kondo la nyuma si mahali pekee panapotoka homoni hiyo. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, hutoa kidogo sana kwa watu wote, wanawake na wanaume. Kuna aina za kansa zinazoitengeneza kwa wingi. Kuna sindano zake, ambazo madaktari huwapa wanaotafuta mtoto, na mtu aliyechomwa sindano hiyo atatoa mistari miwili kwa siku kadhaa bila mimba yoyote. Mtu ambaye figo zake zimechoka anaweza kubaki na namba ndogo kwenye damu kwa sababu haiondoki inavyotakiwa. Mwanamke aliyetoka kuharibikiwa mimba au kujifungua anaweza kuendelea kupimwa "ndiyo" kwa wiki kadhaa. Na kuna wakati homoni haipo kabisa, ila kipimo chenyewe kimedanganyika.

Hayo hayakugunduliwa jana. Selmar Aschheim na Bernhard Zondek walianzisha kipimo cha mimba mjini Berlin mwishoni mwa miaka ya 1920, wakidunga mkojo wa mwanamke kwa panya wadogo na kuangalia ovari za panya hao. Baadaye Lancelot Hogben, aliyekuwa akifundisha Cape Town, akaonyesha njia ya chura wa Afrika Kusini, ambaye akidungwa mkojo wa mjamzito hutaga mayai ndani ya saa chache. Haukupita muda mrefu, kipimo cha Berlin kikajibu "ndiyo" kwa mkojo wa wanaume wenye uvimbe wa korodani. Yaani tangu enzi za panya na chura, madaktari wanajua kwamba mwanamume anaweza kupimwa "ndiyo" na kwamba jambo hilo si la kuchekesha. Inaniuma kwamba karibu miaka mia baadaye, kwetu bado linaishia kwenye kicheko au kwenye tuhuma za uchawi.

Nilimpokea kijana mmoja kwenye dirisha la labo, dereva wa pikipiki, mwenye nguvu zake, aliyevaa jaketi zito wakati jua linachoma. Daktari alikuwa amemwandikia kipimo cha hCG. Alipokuwa akilipa aliona kwenye orodha ya bei kwamba kipimo hicho kinaitwa kipimo cha mimba, akarudisha karatasi kwa hasira. "Mama, huyu daktari ananichezea. Miye mwanaume." Nikamwomba aingie ndani, nikafunga mlango, nikamweleza. Ndipo akafungua jaketi. Matiti yalikuwa yamevimba pande zote mbili, na alikuwa akiyaficha kwa miezi, akiamini ni aibu fulani ya nyumbani kwao imemfuata. Korodani moja ilikuwa ngumu na nzito, haimuumi, na kwa sababu haimuumi hakumwambia mtu.

Namba yake ilikuwa juu sana. Daktari alimpeleka kwenye ekografi, ile picha ya mawimbi ya sauti, kisha kwa wapasuaji, korodani yenye uvimbe ikatolewa, akapewa dawa za kansa. Sisi tulibaki kufuata damu yake. Uvimbe ukishatolewa wote, hCG hushuka haraka, hupungua nusu kwa siku moja au moja na nusu hivi, kwa hiyo daktari anaweza kuona kwenye karatasi kama kuna mabaki mwilini. Za kijana huyu zilishuka, zikasimama, dawa ikaanza, zikashuka tena hadi chini ya 5. Bado anaendesha pikipiki. Akinikuta barabarani hunibeba bure, nami hugombana naye kwa sababu namjua hana pesa.

Kansa za korodani zinazoanzia kwenye chembe za uzazi ni miongoni mwa kansa zinazopona vizuri kuliko nyingi, hata zikiwa zimeshatembea mwilini, tangu ilipoanza kutumika dawa ya sisplatini katika miaka ya 1970. Huwapata zaidi vijana, wa umri wa kuanza kazi na kuoa. Ndiyo maana naogopa kicheko. Kijana aliyechekwa na wenzake atatupa ile bandeleti, yaani kile kikaratasi cha tesiti, kwenye shimo la choo na hatarudi kusema neno.

Hapo hapo naonya, kwa sababu nimeshaulizwa sana: mwanamume asinunue tesiti ya mimba ili ajihakikishie kwamba hana kansa. Uvimbe mwingi wa korodani hautoi hCG ya kutosha kuonekana kwenye mkojo, mwingine hauitoi kabisa. Mstari mmoja haumwondolei mtu uvimbe alioushika kwa mkono wake. Uvimbe unapelekwa kwa daktari, tesiti iwe imesema nini.

Sasa niseme habari ya mama mmoja jirani yangu, mjane, aliyenipa ruhusa ya kuieleza bila jina lake. Ana miaka 53. Aliomba kazi ya kupika kwenye kantini ya kampuni ndogo inayohudumia machimbo, nje ya mji. Kabla ya kuajiriwa wakapelekwa wote kwenye vizite, yaani ukaguzi wa afya, wakatolewa damu. Siku ya majibu aliitwa mbele ya wenzake, akaambiwa kazi hiyo haipewi mwanamke mwenye mimba, arudi akishajifungua. Mumewe amekufa muda mrefu. Hedhi yake ilikuwa imekoma. Na kati ya wale waliosimama kwenye foleni alikuwamo mtoto wa shemeji yake.

Kabla jua halijazama ukoo mzima ulikuwa umejua. Shemeji alikuja na wazee wawili, wakakaa uani, wakamwambia kwamba mwanamke anayezaa na mwanamume wa nje hawezi kubaki kwenye parseli, yaani kiwanja, ya ndugu yao. Alikuja kwangu usiku, kitenge kimefunika kichwa, hakusalimu. "Mama, niko na mimba ya nani?" Hakuwa anauliza kwa ubishi. Alikuwa ameshaanza kujishuku mwenyewe, akiwaza kama kuna kitu kilimtokea usingizini.

Nilimwomba karatasi. Palikuwa pameandikwa: hCG katika damu, 11. Pembeni, kikomo cha kawaida, chini ya 5. Chini yake neno moja la kusema kwamba jibu ni ndiyo, limepigwa mhuri.

Hiyo 11 ndiyo sababu ya barua yangu kuhusu wanawake. Mwanamke hedhi ikikoma, ovari huacha kutoa estrojeni kama zamani, na pituitari, ikiona haijibiwi, huongeza homoni zake za kuamrisha ovari, yaani FSH na LH. Pamoja nazo huponyoka hCG kidogo, kwa kuwa homoni hizi ni ndugu: zote zina mnyororo mmoja unaofanana kabisa, alfa, na hutofautiana kwenye mnyororo wa pili, beta. Baadhi ya wanawake wazima wenye afya waliopita hedhi hukutwa na namba kati ya 5 na 14. Kwa waliozidi miaka 55, maabara nyingi za nje huchukua 14 kuwa ndicho kikomo. Kipimo hakikukosea, kilikuwa kimeona kitu cha kweli. Aliyekosea ni aliyesoma namba ya mwanamke wa miaka 53 kwa kikomo cha msichana wa miaka 20, asimuulize hata hedhi yake ya mwisho ilikuwa lini.

Tulifanya hivi. Kwanza nilimpima mkojo kwa bandeleti, ukatoka mstari mmoja. Yeye alifurahi, nikamzuia, kwa kuwa bandeleti nyingi huanza kuona kwenye 25, na 11 ingepita chini bila kuonekana hata kama ingekuwa mimba ya siku chache. Asubuhi tukatoa damu, na baada ya siku mbili tena, mashine ile ile. Mara zote mbili 11 haikusogea. Mimba inayokua haifanyi hivyo. Daktari akaomba FSH, ikatoka juu kama inavyokuwa kwa mwanamke aliyemaliza hedhi, akafanya ekografi, kizazi kikaonekana kidogo na kitupu, ovari hazina kitu. Akaandika barua kwa maneno ya wazi, nami niliibeba pamoja na yule mama hadi kwa mzee wa ukoo wa mumewe.

Mzee alisikiliza hadi mwisho. Aliuliza maswali mazuri kuliko wengine niliowahi kuwajibu, kisha akamwambia shemeji aondoke uani. Kwenye parseli mama amebaki. Kazi hakupata. Aliporudi na barua ya daktari aliambiwa nafasi imeshajazwa, na hakuna aliyemwomba radhi. Sitaji kampuni wala kituo kilichompima. Ila nasema, na nitasema popote: kumtangazia mtu majibu ya damu yake mbele ya foleni ni kosa, hata majibu yangekuwa sahihi.

Kuna jambo jingine baya zaidi, na kwa bahati hutokea mara chache. Ni pale ambapo mashine inaandika namba na homoni haipo. Vipimo vya damu vya siku hizi hutumia kingamwili mbili, yaani protini za kinga zinazonasa kitu maalumu, zilizotengenezwa kutokana na wanyama: moja imeshikizwa kwenye kipimo, nyingine imebeba alama inayowaka. hCG ikiwepo, hushikwa na zote mbili, kama watu wawili wanaobeba gunia kila mmoja kwa ncha yake, na alama ikiwaka mashine inahesabu. Sasa kuna watu ambao damu yao ina kingamwili zao wenyewe zinazozishika zile za wanyama. Hizo huziunganisha zile mbili bila gunia lolote katikati, alama inawaka, namba inatoka. Mtu hana mimba, hana kansa, hana lolote.

Mwaka 2000 Siegfried Rotmensch na Laurence Cole walichapisha katika jarida la Lancet habari za wanawake 12 wa namna hiyo. Waliambiwa wana kansa ya chembe za kondo kwa sababu namba haishuki na mimba haionekani. Wengi wao walipewa dawa za kansa au kupasuliwa bila sababu. Mwaka uliofuata, mahakama mjini Seattle, Marekani, iliamuru msichana aliyekuwa ametolewa kizazi na kipande cha pafu kwa kosa hilo alipwe zaidi ya dola milioni 15. Alikuwa na miaka ishirini na kitu. Pesa hizo hazikumrudishia kizazi.

Na kinga ya msiba huo ni rahisi mno, inapatikana hata kwetu: mkojo. Kingamwili ni kubwa, hazipiti kwenye figo zenye afya. Damu ikisema 200 na mkojo ukasema hakuna, simamisha kila kitu. Kisha ichanganye damu hiyo na maji ya kipimo, mara mbili, mara nne; homoni ya kweli itapungua kwa hesabu, ya uongo itaruka ovyo au itapotea. Kisha peleka damu kwenye maabara nyingine yenye mashine ya kiwanda kingine, kwa kuwa kingamwili zake si zile zile. Hakuna mtu anayepaswa kulazwa kwenye meza ya upasuaji au kufungiwa dripu ya dawa za kansa kwa namba iliyotoka kwenye mashine moja tu, huku picha hazionyeshi kitu na mkojo wake haujapimwa. Nawaomba madaktari vijana wanaosoma gazeti hili waikate sehemu hii waihifadhi.

Nisije nikawapa watu usingizi. Mara nyingi namba isiyoshuka ni ya kweli na ina kazi. Tunao hapa mjini akina mama waliopata mimba ya zabibu, ile ambayo kondo linakua kama vishada na mtoto hayupo. Mama mmoja alikuja na tumbo kubwa kupita miezi yake, anavuja damu, anatapika mfululizo, na tesiti aliyofanya nyumbani ilikuwa na mstari mmoja na kivuli tu cha wa pili. Alikuwa ameambiwa na wanaomwombea kwamba mimba imejificha mgongoni, afunge na kuomba hadi itoke mbele. Nilichukua mkojo wake, nikachukua tone kidogo nikalichanganya na maji mengi, nikachovya bandeleti nyingine. Mstari wa pili ukawaka mwekundu kabla sijaweka saa. Homoni ilikuwa nyingi mno hadi kipimo kikaelemewa: kila kingamwili ilikuwa imejaza mikono, hakuna iliyobaki ya kuunganisha. Wenzangu wa labo, hili mlijue. Mgonjwa ana dalili zote na tesiti inasita, punguzeni mkojo mpime upya.

Yule mama alisafishwa hospitalini. Baada ya hapo huwa tunafuata hCG kila wiki hadi ishuke chini, kisha kila mwezi kwa muda ambao daktari atasema, na mwanamke huombwa asishike mimba nyingine katika muda huo, ili namba ikipanda tujue ni ugonjwa na si mtoto. Hapo ndipo wengi wanatuponyoka. Damu imekoma, tumbo limerudi, nauli ni shida, kuna mume anayetaka mtoto haraka. Lakini katika baadhi yao chembe za kondo hubaki na kugeuka kansa, na kansa hiyo hupenda kwenda kwenye mapafu. Mwanamke anakohoa damu, anatibiwa kifua kikuu, na hakuna anayekumbuka kwamba mwaka jana alisafishwa mimba ya zabibu. Inaweza kutokea pia baada ya mimba iliyotoka, hata baada ya kuzaa salama.

Na dawa ipo. Mwaka 1956 Min Chiu Li na Roy Hertz, Marekani, walionyesha kwamba methotreksati inaweza kuiondoa kansa hiyo hata ikiwa imeshafika mapafuni. Ilikuwa kati ya kansa za kwanza za uvimbe kuponywa kwa dawa peke yake. Leo wanawake wanaokutwa mapema hupona karibu wote, na wengi huzaa baadaye. Kinachowaua ni kuchelewa. Mimi ni mtu wa kanisa, naimba kwaya, sina ugomvi na wanaoombea wagonjwa. Nawaomba wachungaji wetu wa komini za hapa mjini, wa Kenya, wa Ruashi, wa Kamalondo: mama akija amefurahi kwamba amepimwa ana mimba na miaka yake imepita hamsini, au mimba imepitisha miezi na mtoto haonekani, msimsimamishe mbele ya watu atoe ushuhuda kabla hajafanya ekografi. Mtamfunga mdomo. Akishashuhudia, atakuja vipi kutuambia anavuja damu?

Kuhusu tesiti za farmasi, yule msomaji wa Kampemba hakukosea kuzitilia shaka. Nimeziona zimepangwa mezani barabarani juani, karatasi ya kufungia imechanika, tarehe imepita. Bandeleti iliyokaa kwenye joto na unyevu haiaminiki. Wengine huichovya, wanaiacha, wanarudi kuitazama jioni, wanaona mstari hafifu wa kijivu, wanapiga mayowe. Isomwe kwa dakika zilizoandikwa kwenye kifuko chake, mara nyingi tatu hadi tano, na ikipita kumi itupwe. Kivuli kinachokuja baadaye ni mkojo uliokauka. Kwa hiyo kijana yule anaweza kuwa mzima kabisa. Natamani iwe hivyo. Lakini hatuwezi kujua kwa kuichoma tesiti. Tutajua kwa kumpima tena kwa bandeleti nzima, kwa damu, na kwa mikono ya daktari.

Ninazo ombi mbili kwa wanaohusika. Wenye kampuni wanaopima watu kabla ya kuwaajiri, kama mnasema mnatafuta mimba ili msimweke mwanamke mbele ya mashine za eksirei au kemikali, basi majibu apewe yeye mwenyewe, peke yake, na mtu anayejua kuyasoma, na apewe nafasi ya kurudia kipimo kabla jina lake halijafutwa. Siku mbili zinatosha kujua mengi. Na sisi wa maabara tuache kupiga mhuri wa "ndiyo" juu ya namba ndogo. Tuandike namba, tuandike kama ni damu au mkojo, tuandike mashine, tuulize umri na hedhi ya mwisho, na namba ikiwa kati ya 5 na 25 tuandike kwa mkono kwamba irudiwe baada ya saa 48. Wino ni ule ule.

Msomaji wa Kampemba, kama utamwona yule kijana na akaogopa kwenda peke yake, mlete Katuba. Ulizia labo iliyo nyuma ya soko, mama mwenye miwani. Nafika saa moja asubuhi, na kwake nitafungua hata Jumapili baada ya misa. Asilete pesa siku ya kwanza.

Mama laboranti,
Katuba, Lubumbashi